Maji ya Udhu na Maji ya Rejeta

Kila alfajiri, Maalim Himid alipotoka msikitini pale Chukwani, alirudi nyumbani na dumu la maji ya kisima. Kisima kilikuwa ndani ya uwa wa msikiti. Maji yake yalikuwa meupe, yanang'aa, ila yaliacha chumvichumvi ulimini kwa kuwa bahari iko karibu. Maalim alifunua boneti ya kigari chao, akasema Bismillahi, akamimina maji katika rejeta mpaka yakafurika.

"Kinywe kishibe," alisema. "Kina safari."

Mwenye kukiendesha alikuwa mkewe, Bi Bahiya. Kilikuwa kigari kidogo cha rangi ya maziwa. Kilikuja Unguja kikiwa kimeshatumika ng'ambo, na sasa kilikuwa kimepita kilomita laki tatu. Petroli kilikula kidogo mno, na kwa sababu hiyo nyumba yenye kipato cha mwalimu wa madrasa iliweza kuwa na gari.

Kila siku ya masomo Bahiya alimpeleka binti yao Arwa mjini, kwenye chuo cha ufamasia. Arwa alitembea kwa magongo tangu utotoni. Gari za abiria hazikuwa na subira naye. Konda akiyaona magongo, alipiga bodi kwa kiganja, na dereva akaondoka.

"Wanamwona mtoto wa watu kama mzigo wa kuni!" Bahiya alisema kila alipolikumbuka jambo hilo. Ndiyo maana hakukitazama kigari kile kama pambo. Kigari ndicho kilichokuwa miguu ya mwanawe.

Jumatatu moja, walipofika Mazizini, mshale wa joto ulipanda mpaka mwisho. Mvuke mweupe ukatoka chini ya boneti. Bahiya akaegesha kando, akazima injini.

"Kimechemsha tena," alisema Arwa kwa sauti ndogo. "Mama, leo tuna mazoezi ya maabara. Mwalimu kashasema, atakayekosa hatofanya mtihani."

Bahiya akampigia simu fundi Jecha. Jecha alikuja na vespa yake, akashuka bila haraka.

"Shikamoo, Bi Bahiya."

"Marahaba. Wiki iliyopita si ulisema umeshaimaliza kazi?"

"Niliimaliza. Lakini nshakwambieni, gari hii imezeeka. Laki tatu, bi mkubwa! Gari nayo ina umri wake."

"Na umri wake umeujua wewe? Malaika kakunong'oneza?"

Jecha akacheka. "Msijitese. Niuzieni mimi niivunje, niuze spea. Keshokutwa ntakuja na kamba niivute."

"Ivunje mifupa yako kwanza!" Bahiya alisema.

Damu ilimchemka kuliko ile injini. Mwaka mzima amekuwa akimwita mtu huyu. Kila mara Jecha alifungua, akagonga, akafunga, akachukua haki yake. Leo hana la kusema ila uzee! Mtu ameshindwa na kazi yake, lawama anaitupia gari.

Arwa alipata teksi, akafika chuoni mazoezi yakiwa yanakwisha. Mwalimu wake alimsikitikia, lakini kanuni ilikuwa kanuni. Alimwambia arudi Alhamisi kulifanya zoezi lile, na akichelewa tena, mtihani ataufanya mwakani.

Bahiya alikisubiri kigari kikapoa, akakiongoza nyumbani polepole. Kilipofika mbele ya mlango kikachemka mara ya pili. Maalim Himid akatoka mbio na kitambaa mkononi, akainama kufungua kifuniko cha rejeta.

"Maalim! Usifungue!"

Sauti ilitoka juu ya ukuta wa jirani. Alikuwa Bi Ulfat, mwanamke aliyefundisha ufundi wa magari miaka mingi katika chuo cha amali. Alikuja upesi, buibui limemkaa upande.

"Maji yamo ndani yamebanwa, yanachemka," alisema. "Ukifungua sasa yatakurukia usoni. Watu wamepofuka kwa jambo hili. Iache mpaka uweze kukiweka kiganja juu ya kifuniko bila ya kuungua."

Maalim akarudi nyuma.

"Bi Ulfat," alisema Bahiya, "wewe unayajua haya, na mwaka mzima unatutazama tu?"

"Nimeona, nikanyamaza. Nyinyi mna fundi wenu. Kuingilia kazi ya fundi wa mtu si adabu."

"Adabu hiyo imetuponza!"

"Jecha ni kijana wangu," alisema Maalim kwa unyonge. "Kasoma kwangu tangu alifu. Ningempelekea nani mwengine?"

Walipokwisha kuswali Alasiri, injini ilikuwa imepoa. Bi Ulfat akaweka beseni chini ya rejeta, akalegeza kizibo. Maji yakatoka mekundu kama ukwaju, yana vipande vya kutu na chenga nyeupe.

"Subhanallah!" Maalim alishangaa. "Mimi nilitia maji meupe."

"Maji ya wapi, Maalim?"

"Ya kisima cha msikiti."

Bi Ulfat akatikisa kichwa. "Yana chumvi na chokaa. Hayo ndiyo yaliyoiua rejeta yenu."

Uso wa Maalim ukabadilika. Alikuwa mtu mpole, lakini neno hili lilimchoma.

"Maji yale watu wanatilia udhu!" alisema. "Ni tohara, na yanatoharisha. Hata bahari yenyewe maji yake ni tohara. Mimi nnasimama nayo mbele ya Mola wangu mara tano kwa siku. Leo uniambie hayafai kwa bati la gari?"

"Maalim wangu, sina ubishi na tohara yake," alijibu Bi Ulfat kwa upole. "Hukumu ile ni ya mja na ibada yake. Chuma hakiswali."

Arwa, aliyekwisha rudi chuoni na kukaa kizingitini, akaziba mdomo asicheke. Bahiya hakuziba chochote, alicheka waziwazi.

"Bi Bahiya, niletee birika lako la chai," alisema Bi Ulfat. "Lile unalochemshia maji ya kisima."

Bahiya akalileta. Bi Ulfat akamwonesha Maalim ndani yake. Kulikuwa na ukoko mweupe, mgumu kama saruji.

"Kila yanapochemka, huacha kitu hiki. Birika unaweza kulisugua. Rejeta ina vijia vyembamba mno, mkono haupiti. Ukoko ukiviziba, maji hayazunguki, na joto halitoki. Na chumvi, kazi yake ni kukila chuma."

"Basi tutie ya mfereji?" aliuliza Bahiya.

"Kwa dharura njiani, ndiyo, ufike nyumbani. Lakini yake hasa ni kulanti, dawa ya rangi inayozuia kutu. Iko iliyokwisha kuchanganywa, unaitia vivyo hivyo. Ukinunua kali, ichanganye na maji yaliyokenekwa, yale wanayouza ya betri, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye galoni. Usiitie maji ya betri yenye tindikali, hayo ni mengine kabisa. Na usiache galoni pahala mtoto au paka akalifikia. Kulanti ni sumu."

Akaendelea kukagua. Akafungua kibati kidogo karibu na mpira wa juu wa maji, akachungulia. Kisha akauliza, "Thamostati iko wapi?"

"Jecha aliitoa," alisema Bahiya. "Alisema ile ya nchi za barafu. Huku Unguja hakuna baridi, haina kazi."

"Lahaula!" Sasa Bi Ulfat naye akaghadhibika. "Uongo huu nimeupiga vita tangu sijaota mvi! Ile ni kama bawabu wa mlangoni. Injini ikiwa baridi, hufunga. Ikipata joto lake, hufungua, maji yakaenda kwenye rejeta. Ukimtoa bawabu, injini hufanya kazi nje ya joto lake, ikala petroli na ikachakaa. Na ziko injini, kama hii yenu, maji hukata njia ya mkato, yasipite kwenye rejeta ipasavyo. Mtu hutoa kifaa ili gari isichemke, na mwisho ndiyo inachemka zaidi!"

Alichomoa kijiti cha kupimia oili. Kilikuwa cheusi kama lami.

"Oili ilibadilishwa lini?"

"Jecha hutia kila inapopungua," alisema Maalim.

"Nimeuliza kubadilishwa, Maalim, sikuuliza kutiwa. Kutia ni kuongeza mpya juu ya chafu. Kubadilisha ni kumwaga yote, ukatoa na chujio lake, ukaanza upya."

Bahiya akapandwa na hasira. Neno moja tu! Mwaka mzima wameuliza, "Oili umetia?" Na Jecha amejibu kwa ukweli kabisa, "Nimetia." Ukweli ule umewagharimu zaidi ya uongo.

"Niambie, Bi Ulfat, usinifiche," alisema. "Imekufa?"

Bi Ulfat akakifuta kijiti, akakitazama tena kwenye jua. "Maji yangeingia katika oili, ungeiona kama chai ya maziwa. Hii ni chafu tu. Injini yenu nzima. Laki tatu si kaburi la gari. Ikitunzwa itakwenda laki nyengine."

Maalim Himid alikuwa bado analitazama beseni. Bahiya alidhani amekasirika. Kumbe alikuwa akipima jambo kwa mizani aliyoizoea.

"Bi Ulfat, hayo maji ya kulanti yana rangi?"

"Naam. Ya kijani, au nyekundu."

"Basi yamebadilika sifa na jina. Hayafai kwa udhu."

"Hayafai, Maalim."

"Na ya kisima hayafai kwa gari." Akavuta pumzi. "Kila maji na hukumu yake. Mimi nilichukua hukumu ya huku nikaipeleka kule. Ewallah. Nifundishe."

Jumanne asubuhi wakaanza kazi. Bi Ulfat alielekeza, Bahiya akafunga kanga kiunoni, Maalim akashika taa. Walipitisha maji yaliyokenekwa ndani ya injini na rejeta mara kadhaa, kila mara wakiiwasha injini kwa muda kisha wakaiacha ipoe, mpaka yakatoka meupe. Walitia thamostati mpya na kifuniko kipya cha rejeta. Mpira mmoja wa maji ulikuwa umelainika kama mkate uliolowa. Bi Ulfat aliubinya mbele yao wapate kujua mpira mbovu ulivyo, kisha akautupa, wakafunga mpya na kuijaza rejeta kulanti. Walimwaga oili yote, wakabadilisha na chujio. Bahiya aliposafisha chujio la hewa, alitoa mchanga wa kutosha kupandia mche.

"Wa Bwejuu huu," alisema Arwa. "Tulipokwenda pwani kwenye harusi ya binamu."

"Na chumvi ya Bwejuu imo chini ya gari," alisema Bi Ulfat. "Ukitoka pwani, osha chini kwa maji matamu. Watu husugua kioo kikang'aa, na chini bodi inaoza."

Jumatano Jecha akaja na kamba yake begani, kama alivyoahidi. Akakuta boneti iko wazi na injini inanguruma taratibu.

"Shikamoo, Maalim. Nimekuja kuivuta."

Bahiya akamtangulia Maalim kujibu. "Vuta miguu yako! Thamostati yangu iko wapi?"

"Nimeitupa, Bi Bahiya. Haikuwa na kazi."

"Haikuwa na kazi! Umemtoa mgonjwa kiungo, kisha ukamwandalia sanda!"

"Bahiya, niachie," alisema Maalim. Hakupandisha sauti, na kwa hilo Jecha akazidi kuingiwa na hofu. "Jecha, sikwambii umeniibia. Ulifanya kazi usiyoijua, ukasema unaijua, na watu tukakuamini. Hiyo nayo ni khiyana. Binti yangu amekaribia kukosa mtihani. Ungemrudishia nini?"

Jecha akainama. "Maalim, hata mimi gereji walinifundisha hivyo hivyo."

"Basi waliokufundisha walikudhulumu, na wewe ukatudhulumu sisi. Kasome upya."

"Bado nafundisha, darasa langu ni jioni," alisema Bi Ulfat. "Njoo, lakini bila ya kamba."

Jecha akaikunja kamba, akaondoka. Vespa haikuwaka mara ya kwanza, na Bahiya hakumwonea huruma.

Alhamisi waliondoka jua likichomoza. Bahiya hakuiondoshea jicho saa ya joto. Mazizini, mshale ulikuwa katikati. Wakapanda Kilimani, mshale haukutikisika. Walipofika Mnazi Mmoja, Arwa alianza kucheka peke yake. Mwalimu wake alipofungua maabara alimkuta keshafika, amekaa kwenye ngazi, magongo pembeni.

Arwa alifanya mtihani, akafaulu. Mwaka uliofuata akapata kazi katika duka la dawa mjini.

Tangu hapo Bahiya hana mzaha na kigari. Kila Ijumaa asubuhi, injini ikiwa baridi, hutazama kulanti kwenye chupa yake na oili kwenye kijiti. Fundi akigusa kitu, yeye husimama hapo hapo na kuuliza, "Umetia au umebadilisha?" Kifaa kilichotolewa hutaka kukiona kwa macho. Kilomita zinaikaribia laki nne.

Na siku moja Arwa aliomba ufunguo. Mguu wake wenye nguvu ni wa kulia, na kigari kile ni otomatiki, kinaendeshwa kwa mguu mmoja. Alikuwa amejifunza kwa Bi Ulfat, na leseni alikuwa nayo.

"Usikimbize," alisema Bahiya. "Tazama mshale. Ikiwaka taa yoyote, simama."

"Naam, mama."

"Na hao makonda wasikubane barabarani!"

"Naam, mama."

Kigari kikatoka kwa sauti laini, kikashika njia ya mjini. Kwenye kituo gari ya abiria ilikuwa imesimama, konda wake akiita watu. Arwa akaipita.

Bahiya alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akitafuta wa kumgombeza. Asubuhi ile hakumpata.