Aliyeitikia Kitanda cha Kumi na Mbili

Mpishi ndiye aliyemwambia msimamizi kwanza. Alimkuta ofisini akipanga zamu za wahudumu wa makao ya wasio na kwao, akasimama mlangoni na sahani ya bati mkononi.

"Dada, yule mzee wa kitanda cha kumi na mbili amerudi lini?"

"Hajarudi. Yuko kwa binti yake, ametuma salamu."

"Basi jana nimempakulia nani?"

Akamwonyesha sahani. Ukingo wake ulikuwa umeng'atwa, na alama za meno zilizama kwenye bati.

"Panya hao," alisema msimamizi.

"Panya gani wanakula bati, dada?"

Msimamizi aliigeuza sahani. Alijua kosa lilipoanzia. Kila jioni saa moja wahudumu huita vitanda kimoja kimoja, na kila asiye na kwao anayelala hapo huitikia, "Nipo." Asiyeitikia hutafutwa nje kwa tochi, ndipo geti lifungwe. Siku tatu nyuma mvua ilikuwa kubwa, maziwa yamemjaa kifuani, mtoto wake mchanga anamlilia nyumbani. Kitanda cha kumi na mbili kilipokaa kimya, msimamizi aliitikia mwenyewe: "Yupo." Na wiki hiyohiyo alikuwa amewaapia wahudumu kwamba atakayedanganya kwenye mwito atafukuzwa siku hiyohiyo.

Jioni ya siku ile mpishi alipoleta sahani, aliyeita alikuwa mhudumu mmoja, baba wa watoto wanne, mwembamba hata wenzake wakamwita Waya.

"Kumi na moja?"

"Nipo."

"Kumi na mbili? Ah, huyu yuko kwa binti yake, ananenepa tu."

"Nipo."

Watu walicheka, kisha wakaacha. Sauti ilitoka chini ya blanketi, nzito, kama ya mtu mwenye matope mdomoni. Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa ukumbini.

"Nani anafanya utani?" Waya akauliza, akafunua blanketi.

Godoro lilikuwa tupu, lakini limebonyea. Kitu kikamdaka mkono wa kulia, kikamnyanyua hadi miguu ikaning'inia, kikambamiza ukutani mara ya kwanza na ya pili, damu ikaruka hadi kwenye mashuka ya jirani, na mfupa ukakatika kwa mlio ambao kila mtu aliusikia, hata mpishi aliyekuwa jikoni akiosha masufuria.

Mama mmoja wa kitanda cha tatu, aliyekuwa mganga kabla nyumba yake haijabomolewa, alishuka kitandani.

"Jini huyu ameitikiwa," alinong'ona. "Amepewa nafasi ya mtu. Nani kamwitikia? Amkane sasa hivi, kwa sauti, tusikie wote!"

Wahudumu wakatazamana. Msimamizi, aliyesimama mlangoni mwa ukumbi, alifungua mdomo, akaziona nyuso zao, akaufunga.

"Bosi!" Waya alilia. "Nina watoto, bosi!"

Na hapo, katikati ya ule ukimya wa msimamizi, mkono wa kushoto wa Waya ukaanza kuzunguka polepole, begani, kama mtu anavyokamua nguo iliyolowa, ukazunguka, ukazunguka, naye akipiga mayowe mpaka sauti ikamkauka, hadi mfupa ukachomoza nje ya ngozi, mweupe.

"Ni mimi!" msimamizi akapasuka. "Nilidanganya! Hakuna mtu kitanda hiki, hakuna, toka!"

Kitu kikamwachia Waya. Kikampita msimamizi kwa nguvu kama ng'ombe aliyekata kamba, kikamwangusha na kumvunja meno mawili, kikang'oa dirisha pamoja na nondo zake. Harufu ikaisha. Mganga akasema jini amekwenda, na hakuna aliyebisha.

Asubuhi yake msimamizi alikuwa hospitali alikolazwa Waya, mdomo umemvimba. Mke wa Waya alifika mbio, mtoto mgongoni.

"Ameanguka ngazini, shemeji," mpishi, aliyekuwa amewasindikiza, akawahi kusema.

"Hakuanguka," alisema msimamizi. Alijilazimisha kumtazama yule mke machoni. "Mkono wa kulia kauvunja jini. Wa kushoto nimeuvunja mimi. Nilijua la kusema, nikanyamaza."

Mke wa Waya alimtazama sana, kisha akamtemea mate usoni.

Msimamizi hakujipangusa.