Ng'ombe Aitwaye Ratiba

Shule zilifungwa Jumamosi. Jumapili, Marjut akabandika ratiba ya likizo kwenye mlango wa friji. Jumatatu kuogelea. Jumanne fidla. Jumatano mpira. Alhamisi Kiingereza. Hata Ijumaa haikusalimika.

"Mtoto akikaa bure huharibika," alisema. Nia yake ilikuwa njema, na mwenye nia njema ni vigumu kumkosoa.

Wiki ya pili, bintiye Helka, mwenye miaka tisa, alianza kuamka akilia kwamba tumbo linamuuma. Daktari alimpima asione ugonjwa. Marjut akazidi kuogopa.

Kila mchana wakati wa likizo, watoto wote wa mtaani kwao hupewa supu kwenye bustani ya mtaa, kila mmoja na bakuli lake. Mgawaji ni Bi Tuulikki, aliyefundisha chekechea miaka thelathini. Jumanne ya wiki hiyo Marjut alimleta Helka mbiombio.

"Kula upesi, fidla inatungoja!"

Bi Tuulikki akaweka upawa chini. "Marjut, mtoto anakula amesimama. Anacheza lini?"

"Jumatano, Bi. Mpira."

"Huko anachezeshwa. Mimi nauliza, anacheza lini?"

Marjut akatazama saa yake.

"Mpe siku tupu, mwanangu. Asiende ziwani peke yake. Ujue alipo. Simu ibaki kabatini. Mengine mwachie mwenyewe."

"Si atanisumbua kutwa!"

"Atakusumbua, tena sana. Vumilia. Akikosa la kufanya, ndipo ataanza kubuni."

Marjut akabakiza kuogelea tu, maana kuogelea huokoa maisha. Mengine akayafuta.

Siku ya kwanza Helka alijilaza sakafuni. "Mama, nifanye nini?"

"Sijui, mwanangu."

Kusema hivyo kulimuuma. Siku ya pili Helka alinuna mpaka jioni.

Siku ya tatu, kimya. Marjut akatoka nje kumtafuta. Chini ya msonobari alimkuta Helka na wasichana wawili wa jirani. Walikuwa wameokota matunda makavu ya mti huo, wakayachomeka vijiti vinne vinne, yakawa ng'ombe. Zizi lilikuwa tayari. Walikuwa wakigombana nani akamue.

Marjut alitengeneza ng'ombe kama hao utotoni. Alikuwa amesahau kabisa.

"Huyu mbona kasimama peke yake?" aliuliza.

"Huyo anaitwa Ratiba," Helka akajibu. "Hapumziki, ndiyo maana hatoi maziwa."

Marjut alicheka, kisha akaona haya. Akaketi nyasini, akaomba kijiti.

Wiki iliyofuata alikumbuka kuuliza, "Tumbo linaendeleaje?"

Helka, mikono imejaa utomvu, akamtazama kwa mshangao.

"Tumbo gani?"