Pale Alipoishia Dada

Ilikuwa mwisho wa mwezi, na ukumbi wa benki ulijaa mpaka watu wakaegemea madirisha. Kipaza sauti kiliita namba kwa sauti ya mwanamke asiyechoka. Katika safu ya nyuma ya viti alikaa mfamasia mmoja, amevaa gauni la kijani na mtandio mweupe mabegani, anasoma kitabu kinene kana kwamba yuko peke yake nyumbani. Kando yake alikaa fundi rangi. Alikuwa amenyoa vizuri na shati lake la buluu lilikuwa limepigwa pasi, ila nyuma ya sikio alikuwa na tone la rangi nyeupe ambalo yeye mwenyewe asingeweza kuliona.

Namba ikaitwa, hakuna aliyejibu. Ikaitwa tena. Mfamasia alishtuka, akaanza kupekua mkoba wake.

“Samahani, dada,” fundi alisema. “Namba yako ipo kwenye kitabu. Uliifungia humo.”

Akafungua kitabu. Kweli, kikaratasi kilikuwa kimelala katikati ya kurasa.

“Ulikuwa unaniangalia?”

“Nilikuwa naangalia foleni. Wewe uko kwenye foleni.”

Alikwenda dirishani, akamaliza shida yake, akarudi kupitia njia ile ile ingawa mlango wa kutokea ulikuwa upande wa pili.

“Una rangi nyuma ya sikio,” alimwambia.

“Ipo tangu lini?”

“Tangu ulipokaa.”

“Kumbe na wewe ulikuwa unaangalia foleni.”

Alicheka, na kicheko hicho kikamponza, maana fundi alipata ujasiri wa kuomba namba ya simu.

“Naweza kukupigia?”

“Mara moja kwa siku.”

“Kabla ya kula au baada?”

“Baada,” alisema, akaondoka. Tangu siku hiyo fundi akamwita Dozi. Yeye alimwita Fundi tu, lakini kwa namna ambayo wateja wa fundi hawakuwahi kumwita.

Mapenzi yao yalikwenda kwa utaratibu wa watu wenye kazi. Simu ilipigwa jioni, baada ya duka la dawa kufungwa na brashi kuoshwa.

“Leo umepaka nini?”

“Ngazi za ghorofa nne. Wewe umemtibu nani?”

“Mimi sitibu, nauza. Kuna mzee amenibishia kwamba vidonge vya njano vina nguvu kuliko vyeupe.”

“Anajua rangi huyo. Mlete kwangu nimwajiri.”

Siku za mapumziko walikaa kwenye mkahawa ulio mkabala na kituo cha mafuta, wakinywa kahawa hadi mhudumu aanze kupanga viti juu ya meza. Fundi hakuwa msomaji, lakini alipenda kumsikiliza Dozi akimsimulia alichosoma. Yeye mwenyewe alikuwa na sifa moja aliyojivunia: kwa miaka yote aliyoingia katika nyumba za watu, hakuwahi kupoteza kitu cha mtu. Msumari aliouchomoa ukutani aliurudisha kwenye tundu lake.

Dozi aliishi na mama yake, mshonaji aliyestaafu, katika nyumba ya vyumba viwili ghorofa ya tatu. Chumba cha Dozi kilikuwa na vitanda viwili na rafu ya vitabu katikati. Kitanda kimoja kilitandikwa kila wiki na hakikulaliwa. Fundi aliambiwa kwamba kilikuwa cha dada mkubwa, aliyefariki mwaka juzi kwa maradhi ya figo. Hakuambiwa zaidi. Siku moja alitoa kitabu rafuni kupoteza muda, na Dozi akakichukua mkononi mwake kwa tabasamu.

“Hicho kina mambo yake,” alisema, akakirudisha.

Fundi hakuuliza mambo gani.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Yule dada alikuwa msusi. Alisoma akisubiri wateja, na akifika mahali palipomchekesha au kumliza, alichomeka chochote kilichokuwa karibu: lebo ya pakiti ya rasta, tiketi ya basi, karatasi ya pipi, kipande cha kalenda. Hakuandika kitu. Kisha kitabu kilikwenda kwa mdogo wake, naye akisoma alikuwa akikutana na karatasi hizo moja moja, na kila mara alijua kwamba hapo dada yake alisimama. Wakati mwingine alielewa kwa nini. Wakati mwingine ilibidi amwamshe kitandani kumuuliza.

Kitabu cha mwisho dada alikisoma hospitalini. Alama yake ilikuwa kadi ya wageni, ile ya pinki waliyopewa langoni ili waruhusiwe kuingia wodini. Aliichomeka jioni moja na hakuendelea. Dozi alikirudisha rafuni kikiwa na kadi hiyo ndani. Hakukisoma, ila mara kwa mara alikifungua palepale, akatazama mistari ya mwisho ambayo macho ya dada yake yaliipitia, akakifunga.

Hayo yote fundi hakuyajua alipoitwa na mama. Dozi alikuwa amesafiri kwenda mafunzoni mji mwingine kwa wiki moja.

“Baba,” mama alimwambia kwenye simu, “kile chumba kimeganda. Njoo ukipake rangi, mwenzio akirudi akute kimebadilika.”

“Tumuulize kwanza, mama?”

“Ukimuuliza atakataa. Mimi ndiye mwenye nyumba.”

Fundi alikuja na ngazi zake. Alifunika vitanda kwa nailoni, akafungua vifuniko vya swichi, akashusha vitabu. Karatasi zilikuwa zimechomoza huku na huku. Aliogopa zisidondoke zikapotea au kuchafuka, kwa hiyo alikitikisa kila kitabu taratibu, akaziokota zote, akazipanga kwa ukubwa ndani ya bahasha ya kaki. Hakutupa hata ile ya pipi. Kuta alizipaka rangi ya krimu, mara mbili, na rafu akaipiga vanishi. Mama alisimama mlangoni akatazama kwa muda mrefu, akasema chumba kimepata hewa.

Dozi alirudi Jumamosi mchana, begi mkononi, amevaa suruali nyeusi na blauzi iliyokunjamana kwa safari. Fundi alikuwa akimsubiri. Alimfungulia mlango wa chumba kama mtu anayefungua zawadi ya mwingine.

“Fundi,” alisema Dozi, akageuka huku na huku. “Umefanya haya lini? Pazuri.” Alimaanisha. Kisha akaona vitabu, vimepangwa kwa urefu, vimenyooka. Akanyoosha mkono, akatoa kimoja, akakipekua. Akatoa kingine.

“Humu mlikuwa na karatasi.”

“Zipo zote.” Fundi alimpa bahasha, na uso wake ulikuwa bado unasubiri kusifiwa. “Sijapoteza hata moja.”

Dozi alimwaga karatasi kitandani. Akaokota ya pinki.

“Hii ilikuwa ukurasa gani?”

“Ukurasa?”

“Ilikuwa kwenye kitabu hiki. Ukurasa gani?”

“Sijui, Dozi. Nilikuwa nazikusanya tu.”

Alifungua kitabu hicho mahali fulani, akasoma mistari miwili, akaruka kurasa, akasoma tena. Alikuwa akipatazama mara kwa mara bila kujua namba yake, kwa sababu kadi ilimpeleka. Alijaribu mara kadhaa. Hakupaona.

“Nenda nyumbani,” alisema. Hakupandisha sauti.

“Nimekosa nini? Karatasi si hizi hapa?”

“Nenda, tafadhali.”

Fundi alikwenda. Alipopiga simu jioni ile, ilipokelewa.

“Ndiyo, sema.”

“Unaendeleaje?”

“Vizuri. Kuna jambo lingine?”

Hakukuwa na jambo lingine. Kesho yake ikawa hivyo, na keshokutwa. Mwishowe alikwenda dukani kwake, akapanga mstari nyuma ya mama mwenye mtoto anayekohoa, na zamu yake ilipofika akasema anaumwa kichwa. Dozi, ndani ya koti jeupe, alimhudumia kama mteja yeyote.

“Viwili mara tatu kwa siku, baada ya kula.”

“Ningejua zina maana, ningeziacha.”

“Ungeuliza.”

“Ningeuliza nini? Mtu anaulizaje kuhusu karatasi ya pipi?”

Alilijutia neno hilo kabla halijamaliza kutoka. Dozi aliweka vidonge kwenye bahasha ndogo, akaandika matumizi, akamsogezea.

“Asante kwa kuja,” alisema. “Anayefuata.”

Fundi alirudi kwa mama kuchukua ngazi zake, akidhani hatakuwa na sababu nyingine ya kupanda ghorofa hiyo. Mama alimkalisha sebuleni.

“Mimi ndiye niliyekuingiza kwenye moto huu,” alisema. “Nimemwambia, hasikii. Ananiambia, mama, wewe una haki, yeye angeuliza.” Kisha akamsimulia habari ya msusi na mdogo wake, ya karatasi na kucheka, na ya kadi ya pinki. Naye alisimulia kwa shida, akisimama kila mara kuikunja leso yake. “Nilitaka kitanda kile kisinitazame kila nikipita. Sikujua vitabu vilikuwa na mpangilio. Mimi sivisomi.”

Fundi aliondoka na ngazi zake. Hakupiga simu siku hiyo wala iliyofuata, na Dozi aligundua kwamba alikuwa akiitazama simu yake baada ya kufunga duka. Jambo hilo lilimkasirisha.

Ilipoita, aliipokea haraka kuliko alivyokusudia.

“Mama amenieleza,” fundi alisema. “Sipigi kuomba msamaha. Nimeuomba vibaya vya kutosha. Nataka kuuliza kitu kimoja, ukipenda unijibu.”

“Uliza.”

“Dada yako alikuwa anacheka vipi?”

Fundi alisikia redio ya jirani upande wa pili, na kiti kikivutwa.

“Kwa pua,” Dozi alisema. “Alikuwa anajizuia kwa sababu ya wateja, basi kicheko kinatokea puani. Mteja akidhani anachekwa nywele zake. Mmoja aliondoka na nusu kichwa.”

“Na nusu nyingine?”

“Alirudi kesho yake. Angekwenda wapi?”

Waliongea muda mrefu. Tangu mazishi, watu walikuwa wamemuuliza Dozi dada yake aliumwa nini, alilazwa lini, alisema nini mwisho. Hakuna aliyemuuliza alivyocheka. Hakumwambia fundi kwamba amemsamehe, wala fundi hakuuliza. Alipokata simu alikwenda chumbani, akakaa kwenye kitanda kisicholaliwa, akachukua kile kitabu. Kwa kuwa hakujua tena pa kukifungulia, alianza ukurasa wa kwanza.

Alikisoma wakati wa chakula cha mchana, nyuma ya duka, kati ya maboksi ya dawa za kikohozi. Mwanzoni alisoma kama mpelelezi. Hapa angecheka. Hapa pangemchosha, angelala. Kila sura aliyofika alijiambia ni hapa, kisha sura iliyofuata ilionekana kufaa zaidi. Baadaye hadithi yenyewe ikamkamata, akasahau kutafuta. Siku moja alifika mwisho, akageuza ukurasa, na hapakuwa na kitu.

Alimwomba mwenzake wa dukani amshikie zamu, akatoka akiwa bado amevaa koti.

Fundi alikuwa akipaka ukumbi wa shule ambayo wanafunzi wake walikuwa likizo. Nusu ya chini ya kuta ilikuwa buluu, bado mbichi. Alimwona Dozi akipita kwa uangalifu kati ya makopo, akashuka ngazini.

“Nimekimaliza,” Dozi alisema.

“Kile cha hospitali?”

“Hicho.”

“Kinaishaje?”

“Vibaya. Mwanamume anarudi baada ya miaka mingi, na hakuna hata mmoja anayemuuliza alikuwa wapi. Dada yangu angekitupa ukutani.”

“Ukuta usiwe mbichi tu.”

Dozi alitabasamu, kisha macho yake yakajaa, akayaacha yajae.

“Sijui aliishia wapi,” alisema. “Nimepapita. Mahali fulani katikati nimepapita na sikujua. Miaka miwili niliogopa kwamba nikigeuza ule ukurasa nitamwacha nyuma, na nimeugeuza nikiwa nala mkate.”

Fundi aliweka brashi juu ya kopo.

“Bado nina hasira nawe kidogo,” Dozi aliendelea.

“Sawa.”

“Na zile karatasi nyingine, sitazijua tena zilikuwa wapi. Hazirudi.”

“Najua. Ingekuwa ni rangi ningekwangua nikaanza upya.”

“Usiwe na majibu ya kila kitu, Fundi.”

“Sawa.” Alitazama viganja vyake. “Nina swali lakini. Si la leo, nimekaa nalo tangu wakati wa mkahawa.”

“Uliza.”

“Utakubali nikuoe?”

Dozi alitazama ukumbi mzima, viti vilivyorundikwa, magazeti yaliyotandikwa sakafuni, na mwanamume huyu aliyesimama katikati bila kujua mikono yake aiweke wapi.

“Mama atasema alijua,” alisema.

“Hiyo ni ndiyo?”

“Ni ndiyo. Njoo hapa.”

“Nina rangi mikononi.”

“Nimeiona. Njoo.”

Alirudi kazini kabla duka halijajaa watu wa jioni. Alasiri yote aliuza dawa, akaeleza matumizi, akabishana na mzee wa vidonge vya njano. Kila alipogeuka kuchukua kitu kwenye rafu, mstari mzima wa wateja uliona viganja viwili vya buluu mgongoni mwa koti lake jeupe. Hakuna aliyemwambia.