Vumbi Mbele ya Mvula

Asubui ya salongo, ile kazi ya kusafisha pamoja, nilikuwa nakwangua majani na jembe mu cour, kiwanja ya masomo yetu, hapa Butembo, miye na rafiki yangu Hadidja. Kwetu, cour yenye iko na majani banaitaka chafu. Ya kupendeza ni ile inabakia udongo mutupu, nyekundu, ya kufagia tu. Ilikuwa wakati ya jua kali; mvula ya kwanza tulikuwa tunaingojea.

Hadidja iko na asima. Alifunika pua na foulard yake ya kichwa, akaambia Mathe, chef wa classe:

— Mathe, tuache majani hata pale pembeni. Vumbi ikiamka, mi sipumuaka muzuri.

— Weye unafuga mbuzi? Peleka majani kwenu!

Batoto bote bakacheka. Hata Hadidja alicheka, kisha akakohoa.

Saa sita, mawingu nyeusi ikasimama juu ya milima. Tukafurahi: mvula inakuja! Lakini mupepo njo ilitangulia, ya baridi, ya nguvu. Cour yote ikaamka. Vumbi ikatembea kama ukuta, ikameza latrine, ikameza bendera, ikatufikia. Nikashika Hadidja mukono. Kifua yake ilikuwa inapiga filimbi.

— Jemima, usiniache, akasema.

Mwalimu Eliezer akamubeba mpaka ku pikipiki, bakaenda hospitali. Njo mvula ikaanza kunyesha.

Docteur akakataza Hadidja kurudia mu vumbi. Papa yake, Lukman, mwenye anaendeshaka camion, akamupeleka Beni, kule Mulekera, kwa tantine, shangazi yake mwenye iko anakaa katikati ya mashamba. Hatukuagana.

Mu classe, nafasi yake ikabakia bure pembeni yangu. Mwalimu Eliezer akachora wingu ku tableau.

— Mvula kubwa ikishuka, inashukaka na mupepo ya baridi. Ile mupepo ikigonga chini, inakimbia mbele ya mvula. Mu inchi za jangwa, kwenye majani hakuna, inabeba udongo mpaka mutu haone mukono yake. Sisi hapa hatuna jangwa.

Akaangalia cour kwa dirisha.

— Ile ya kwetu tuliifanya na jembe, na miye njo nilituma mukwangue. Majani haiko uchafu, batoto. Majani njo inakamata udongo, udongo isiingie mu kifua ya mutu.

Hakuna mwenye alicheka. Kesho yake, Mathe alileta mufuko muzima ya majani ya kupanda, toka kwao. Tukapanda cour yote. Na ile mvula, majani ikashika.

Miye kusema mbele ya batu, nashindwaka. Kuandika, naweza kidogo. Nikaomba mama telefone, nikaandikia ku namba ya tantine:

"Hadidja, majani imeota. Jana mupepo ilipita, vumbi haikuamka. Mathe anaomba pardon. Nafasi yako ku banc, sijaacha mutu aikalie. Rudia. Jemima."

Message ilifika. Kila jioni nafungua telefone, naisoma tena. Chini yake, hapana jibu.