Mstari Mmoja Hadi Papa Westray

Haya yalimpata rafiki yangu Thora, muuguzi wa hapa kisiwani kwetu Westray, na ukibisha, nenda kabishane naye mwenyewe.

Kila Alhamisi Thora hupanda kindege hadi kiwanja cha Papa Westray, kisiwa jirani, kufunga vidonda vya wazee. Ni kilomita tatu hazijatimia, dakika mbili angani. Sisi wafumaji tunajua safari hiyo hutosha mstari mmoja wa sweta, wa pili huufikii.

Siku hiyo alikuwa ameanza mkono wa sweta ya mumewe, Erland, aliyekuwa baharini akivua. Ukungu ulikuwa mzito, na abiria alikuwa yeye peke yake.

"Leo utaumaliza mstari, dada, au nikuzungushe kidogo?" rubani Sigurd akamtania.

"Wewe shika usukani wako, uzi niachie mwenyewe!"

Walipopaa, giza likaziba madirisha. Ngurumo ya injini ikafifia, ikafifia, hadi Thora akawa anasikia sindano za kufumia tu, ti, ti, ti. Akatazama mikono yake. Ilikuwa imetulia. Sauti ilitoka nyuma yake, kwenye kiti kitupu.

Magurudumu yakagusa ardhi.

"Dakika mbili kamili," Sigurd akasema. "Haya, mstari je?"

Thora akainamisha macho. Mapajani pake mkono wa sweta ulikuwa umekwisha kufumwa, kuanzia begani hadi kwenye kifundo cha mkono. Ulikuwa umelowa chapachapa, unanuka bahari. Akapenyeza vidole ndani. Mlikuwa bado na joto la mkono wa mtu.