Gamba Chini ya Kitanda

Mwezi wa Februari, mwaka 1972, nguruwe pori waliingia katika shamba la Raimundo siku tatu mfululizo. Walipomaliza, muhogo uliobaki haukujaza vikapu viwili. Mahindi yalikuwa bado machanga. Korosho zilikwisha kuuzwa tangu Desemba. Mke wake, Carlota, alitwanga makopa ya mwisho ya muhogo mkavu, akasonga ugali mdogo, akauandaa bila mboga.

"Leo tena ugali na chumvi?" aliuliza Fatima, binti yao wa miaka tisa.

"Chumvi nayo ni mboga, ukiwa na adabu," alijibu Carlota.

Fatima alicheka. Mdogo wake, Armando, alikuwa mgongoni mwa mama. Alikuwa na miezi mitano. Katika nyumba ile yeye peke yake alikuwa anashiba, kwa sababu alikuwa ananyonya.

Walikaa Litumbi, kijiji kidogo cha pwani karibu na mdomo wa mto Ruvuma. Raimundo na Carlota walizaliwa ng'ambo ya mto, Msumbiji. Walivuka mwaka 1965 kukimbia vita. Walipewa ardhi, wakalima. Lakini walikulia bara, mbali na maji ya chumvi. Mambo ya bahari walifundishwa na jirani yao, Bakari, mvuvi mwenye maneno mengi.

Kando ya kijiji kulikuwa na hifadhi ndogo. Ilikuwa kipande cha ufuko cha hatua mia nne, kimezungushiwa uzio wa mianzi upande wa nchi kavu. Kasa walipanda hapo kutaga mayai mchangani. Mlinzi wake, Rashidi, aliajiriwa na idara ya wanyama, kwa hiyo watu walimwita Bwana Nyama. Kila Jumatano alipokea wanafunzi wa shule. Kila Jumamosi alipokea watu wazima wa darasa la kisomo. Aliwaonyesha viota na kuwaeleza namna kila mnyama anavyoishi. Fatima alikwisha kwenda mara mbili. Carlota hakwenda hata mara moja. Alisema ana shamba, na kasa hapaliliwi.

Alhamisi moja, alfajiri, Bakari na Raimundo walirudi na mzigo uliofunikwa makuti. Ndani yake alikuwamo kasa mwenye mdomo uliochongoka kama wa ndege. Gamba lake lilikuwa na rangi ya asali iliyochanganyika na moshi. Alikuwa ng'amba. Walikata kamba za uzio, wakamkuta anataga.

Fatima alisimama mlangoni na sare yake ya shule.

"Baba, huyo haliwi. Bwana Rashidi alituambia. Wako ng'amba wenye sumu, na huwezi kuwatambua kwa macho."

Bakari alicheka mpaka akakohoa. "Bwana Nyama huyo! Anasema nyama ina sumu ili abaki na kitoweo peke yake. Sisi watu wa pwani tuna kipimo chetu, mwanangu. Ninyi watu wa bara hata chaza mnamwogopa."

Alikata kipande cha ini, akamtupia kunguru aliyekuwa juu ya paa.

"Kunguru ni mwizi, lakini si mjinga," alisema. "Akikataa, tunafukia. Akila, tunakula."

Kunguru alishuka, akadonoa, akameza, akaruka kuelekea mikokoni.

"Haya, umeona?"

"Na akifia huko?" aliuliza Fatima.

"Shemeji, mtoto wako huyu atakuwa hakimu!" alisema Bakari. Wote walicheka. Carlota naye alicheka.

Waligawana nyama. Carlota aliipika kwa nazi, na harufu yake ikajaza uwanja. Alikula sana, maana mwenye kunyonyesha hula chakula cha watu wawili. Fatima aliporudi kutoka shule alikaa mbele ya sahani bila kuigusa.

"Kula," alisema Carlota. "Nimepika kwa kuni nilizobeba mwenyewe."

Fatima alikula. Ijumaa walikula tena. Raimundo alisukuma gamba chini ya kitanda na kulifunika kwa gunia.

Jumamosi asubuhi Fatima alisema koo linamchoma. Mchana alitapika. Jumapili alilala tu. Walipomwamsha alifungua macho, akayafumba tena.

"Tumpeleke zahanati," alisema Carlota.

"Tumpeleke," alisema Raimundo. "Lakini tutasema amekula muhogo mchungu. Mama Fatima, nisikilize. Sisi hapa ni wageni. Wakijua nimechukua mnyama wa serikali, watanifunga. Pengine watatuvusha mto tena, turudi vitani."

Muuguzi wa zahanati, Theresia, alimlaza mtoto kwenye benchi. Aliuliza maswali yake kwa utaratibu.

"Amekula nini?"

"Muhogo mchungu," alisema Raimundo.

"Lini?"

"Jana asubuhi."

Theresia alifungua kinywa cha mtoto. Ulimi ulikuwa na utando mweupe, na kandokando yake vidonda.

"Muhogo mchungu humshika mtu baada ya saa chache na kumwachia siku ileile," alisema. "Tena hauchubui ulimi. Mama, wewe unasemaje?"

Ulimi wa Carlota mwenyewe ulikuwa unawasha tangu jana. Alimtazama mumewe. Mumewe alitazama sakafu.

"Ni muhogo," alisema Carlota.

Theresia alitibu kile alichoambiwa. Alimpa mtoto maji ya sukari na chumvi kidogo kwa kijiko. Maji yalirudi kupitia pembe za mdomo. Jumatatu, jua lilipopanda, Fatima alifariki. Walimzika siku ileile alasiri.

Waombolezaji walikuwa bado wamekaa mkekani Armando alipotapika. Carlota alimpa ziwa tena. Alinyonya kidogo, akatapika tena, kisha shingo yake ikalegea. Carlota alimfungua kinywa kwa kidole. Ulimi ulikuwa mweupe.

Mtoto huyu hakula nyama. Hakuwahi kula kitu chochote. Chakula chake kilikuwa kimoja tu, na kilitoka kwake yeye mama.

Carlota aliinuka mkekani. Aliingia ndani, akalivuta gamba kutoka chini ya kitanda. Raimundo alimzuia mlangoni.

"Unakwenda wapi nalo?"

"Zahanati."

"Watanifunga, mama Fatima."

"Wakufunge. Nimezika mmoja leo."

Alimfunga mtoto kifuani, akajitwika gamba kichwani. Alipita katikati ya waombolezaji. Alipita kando ya hifadhi. Rashidi alikuwa anafunga mianzi pale ilipokatwa. Alimwona, akaliona gamba. Aliweka kamba chini, akamfuata.

Carlota alilitua gamba juu ya meza ya muuguzi.

"Tulikula huyu," alisema. "Alhamisi na Ijumaa. Mimi nilikula kuliko wote. Huyu mdogo ananyonya tu."

"Usimnyonyeshe tena," alisema Theresia. "Hata tone moja. Sumu ya ng'amba hupita katika maziwa. Mama anaweza kuumwa kidogo tu, na mtoto akafa."

"Lakini niliichemsha sana."

"Moto hauondoi sumu hii," alisema Rashidi. "Kukausha hakuiondoi. Ndimu haiiondoi."

"Kunguru alikula!"

"Sumu hii ni ya polepole. Huanza baada ya saa kadhaa, pengine baada ya siku nyingi. Kunguru wenu aliruka. Nani alimfuata?"

Carlota alikumbuka nani aliyeuliza swali hilo kwanza.

"Kama ningesema jana?" aliuliza.

Theresia hakumdanganya. "Sijui. Sumu hii haina dawa yake. Tunachoweza ni kumsaidia mgonjwa mpaka mwili wake uishinde, na watoto wengi hawaishindi. Lakini ningempeleka Mtwara jana. Na huyu ungemwachisha ziwa jana. Siku nzima ni ndefu kwa mtoto wa miezi mitano."

Rashidi alichukua penseli. "Habari ya uzio itakwenda barazani, mama. Hiyo ni ya kesho. Leo nataka majina ya kila aliyekula."

Carlota alitaja majina manane, ya nyumba yake na ya nyumba ya Bakari. Jina la kwanza lilikuwa la Fatima. Rashidi aliliandika, kisha akaenda kuwatafuta wengine sita. Alimkuta Bakari amelala, hawezi kumeza hata mate. Maneno yake mengi yote yalikuwa yamekwisha. Nyama iliyobaki waliifukia katika shimo refu, mbwa wasiifukue. Lori la ushirika liliwachukua wote mpaka hospitali ya Mtwara.

Huko Carlota alikaa siku kumi na moja. Kila mara matiti yalipojaa, alikamua maziwa na kuyamwaga. Armando aliisikia harufu yake akalia, na Carlota akamgeuzia mgongo. Wauguzi walimfundisha kumlisha kwa kikombe na kijiko: maziwa ya kopo, maji yaliyochemshwa, chombo kilichooshwa kila mara. Siku ya nne mtoto alifungua macho na kukishika kijiko. Siku ya sita alipiga kelele za njaa. Bakari naye alipona, lakini alirudi kijijini akiwa mifupa mitupu.

Kesi ya uzio ilisikilizwa na baraza la kijiji mwezi wa Machi. Raimundo hakufungwa. Hakuvushwa mto. Aliamriwa, yeye na Bakari, kutengeneza uzio wote kwa mikono yao. Adhabu aliyoiogopa ilikuwa mianzi na kamba. Aliposikia hukumu alikaa chini, akajifunika uso kwa kofia, na watu wakamwacha.

Baraza lilijadili pia habari ya nguruwe, maana ndio walioanzisha njaa. Tangu msimu ule watu walilinda mashamba kwa zamu, nyumba tano kwa siku. Muhogo ulibaki ardhini mpaka ulipohitajika. Litumbi hakuna tena aliyekula ng'amba.

Mwaka uliofuata, Jumamosi moja, wanawake wa darasa la kisomo kutoka kijiji cha jirani walikuja hifadhini. Rashidi aliwapokea, kisha akawakabidhi kwa Carlota. Ndani ya banda la mafunzo gamba lilikuwa limetundikwa ukutani. Armando alikuwa amesimama chini yake, ameshika kanga ya mama yake.

Carlota aliwaeleza ng'amba ni yupi na sumu yake inafanyaje kazi. Aliwaeleza la kufanya mtu akishakula: aende zahanati mara moja, aseme ukweli wa alichokula, na kama ananyonyesha aache. Alieleza bila kupandisha sauti.

Mwanamke mmoja alinyoosha mkono. "Lakini dada, si kuna kipimo? Kwetu tunampa kunguru kwanza."

"Nasi tulimpa," alisema Carlota.

"Akakataa?"

"Alikula."

Mwanamke alishusha mkono. Wengine walilitazama gamba, kisha mtoto aliyekuwa chini yake.

"Haya, piteni huku," alisema Carlota. "Angalieni vile vijiti, msivikanyage. Chini yake kuna mayai."