Usiitike Ukiitwa Kwenye Ukungu

Soko la Kericho siku ya Jumamosi halina adabu. Unasukumwa, unakanyagwa, unauziwa kitu ambacho hukukitaka. Ndivyo Nelvine, karani wa kiwanda cha chai, alivyojikuta ameketi kwenye kigoda cha Phelix, muuza viatu vya mitumba, amevaa gauni la manjano na mguu mmoja mtupu.

"Jaber, umekanyaga wino?" Phelix aliuliza, akitazama doa jeusi kwenye unyayo wake.

"Ati jaber ni nini?"

"Mrembo, kwa lugha ya kwetu."

"Wewe unauza viatu ama unauza maneno?"

"Viatu ndio nauza. Maneno ni ya bure."

Nelvine akacheka, na mwanamke akishacheka kwenye kibanda cha muuza viatu, mengine yanajipanga yenyewe. Kufika Krismasi walikuwa wanapigiana simu mpaka betri zinazima.

Lakini lile doa halikuwa wino. Lilipanuka, likaanza kutoa damu, kisha uvimbe ukajitokeza kwenye kinena. Eldoret, katika hospitali kubwa, wakaambiwa ni melanoma, saratani ya ngozi, na imeshaanza kutembea. Phelix alitaka ikatwe siku hiyo hiyo.

"Hapana," alisema Daktari Nyakundi. "Tunaanza na drip ya kuamsha kinga. Hiyo dawa haipigani yenyewe. Inawaamsha askari wa mwili wapigane. Uvimbe ukiwa bado ndani, askari wanaiona sura yake vizuri, wanajifunza kuiwinda kila mahali imejificha. Baada ya hapo ndio tunakata."

"Kwa hivyo tunaiacha ndani wakiiangalia?" Nelvine akauliza.

"Wakiiangalia na wakiiwinda."

Maneno hayo yalimkaa vibaya. Kila alipotulia kazini alihisi kuna kitu kwenye kinena chake kinachomsikiliza. Baada ya drip ya kwanza uvimbe ulifura zaidi ukawa wa moto, kama nyumba iliyofungwa ambayo ndani yake watu wanapigana. Baada ya ya pili, nyusi zake zikageuka nyeupe. Baka jeupe likamtoka chini ya jicho, mengine yakapanda vidoleni.

Daktari alifurahi. Alisema askari wanaowinda weusi wa saratani wakati mwingine huuma hata weusi wa ngozi, na mara nyingi hiyo ni dalili nzuri. Sokoni hakuna aliyefurahi. Wanawake walisogea mbali naye kwenye benchi na watoto wakanyamaza alipopita. Na Phelix, sitamfichia, siku moja alinyoosha mkono amguse shavu, akaurudisha.

"Umeniogopa," Nelvine akasema.

"Hapana, babe. Una moto sana, nimeshtuka tu."

"Usinidanganye. Nimeona macho yako."

Wote wawili walisema kweli. Nelvine alikuwa na homa ya dawa, na Phelix aliogopa. Nelvine akazima simu, akarudi Kimulot kwa mama yake, Rebeccah. Siku ya kupasuliwa alienda bila kumwambia Phelix. Phelix alipiga na kupiga, akaambiwa na ile sauti isiyo na huruma kwamba mteja hapatikani. Sokoni alikuwa akiwauzia watu viatu vya namba isiyo yao.

Alasiri moja simu yake ikalia. Ilikuwa namba ya Mama Rebeccah.

"Phelix! Phelix, mwanangu, amekufa!" Mama alikuwa analia. "Taktari alikata, wakaangalia na mashine. Amekufa kabisa! Mungu ni mkubwa. Kuja nyumbani."

Nyuma yake wanawake wa kanisa walikuwa wakiimba. Phelix akajaribu kuuliza lini, mtandao ukakatika. Alikiacha kibanda wazi, viatu na yote.

Kimulot, bodaboda ilimshusha kando ya barabara kwa sababu ya matope. Ukungu ulikuwa umeteremka kutoka msitu wa Mau ukalala juu ya chai. Wachumaji walikuwa wameshaondoka. Alifuata njia katikati ya mashamba peke yake, na zile nyimbo alizozisikia kwenye simu hazikusikika tena.

"Phelix."

Akasimama. Aliyemwita alikuwa katikati ya chai, shuka jeupe mabegani, na kuanzia kiunoni kwenda chini hakuonekana. Nyusi zilikuwa nyeupe. Kope nazo zilikuwa nyeupe. Mikono yenye mabaka ilikuwa imetulia kifuani. Nywele zilimsimama Phelix. Nyanya yake, kule kando ya ziwa, alimfundisha akiwa mdogo: marehemu akikuita, usiitike. Ukiitika, unaondoka naye.

"Phelix."

Akafunga mdomo mpaka meno yakamuuma.

"Phelix, hata kuitika hutaki?" Sauti ilikuwa yake kabisa, na ilikuwa na machozi. "Basi rudi ulikotoka."

Sura ile ikageuka, ukungu ukaanza kuimeza. Phelix akaiona Kericho bila Nelvine, simu isiyolia, kigoda kitupu. Alimpenda. Hakutaka kubaki.

"Nimeitika!" akapiga kelele. "Nelvine, nimeitika! Nichukue twende!"

Sura ikasimama, ikamgeukia.

"Twende wapi? Nimetoka kukupokea, Mama amepika chai."

Phelix hakuelewa. "Si umekufa?"

"Nani amesema?"

"Mama yako! Amenipigia akilia. Na watu walikuwa wanaimba."

Nelvine alimkodolea macho, kisha akacheka mpaka akashikilia fimbo yake ya kutembelea. "Aki Mama! Phelix, Mama kwake kila kitu ni mtu. Gari amekuja, mvua amenyesha, sufuria ametoboka. Ni saratani amekufa! Majibu yametoka leo. Walichonitoa kwenye kinena kilikuwa bado cheusi kama makaa, lakini wamepima, hakuna hata chembe moja hai. Ni weusi tu umebaki, moto ulishazima. Hao wanawake walikuwa wanashukuru."

Phelix akaketi palepale kwenye matope. Nelvine akatoka katikati ya chai akichechemea, unyayo umefungwa bandeji, akasimama mbele yake. Kicheko kilikuwa kimemwisha.

"Ngoja kwanza. Umeniitikia ukijua nimekufa?"

"Ndiyo."

"Na uliniambia mwenyewe vile nyanya yako alisema."

"Najua. Siku ile niliogopa, sitakudanganya tena. Hata saa hii bado naogopa. Lakini kubaki bila wewe ndio kuliniogopesha zaidi."

Nelvine akainama, akaweka kiganja chenye mabaka kwenye shavu lake. Phelix akakishika, akakibana hapo.

"Daktari hajasema nimepona," Nelvine akanong'ona. "Drip bado ziko. Kuangaliwa bado kuko, miaka mingi. Inaweza kurudi. Na hii rangi huenda isirudi."

"Nimesikia yote. Wazee wangu waje lini kuongea na mama?"

Nelvine akajifuta machozi kwa ncha ya shuka.

"Waje haraka," akasema. "Huu mguu ukipona nitakimbia."